Mfaransa Aliyekufa Bila Mtoto

Nilianza kumchunguza babu wa Kifaransa wa mume wangu kwa sababu moja tu: nilitaka atoke nyumbani kwangu. Sikuwa na hamu ya historia. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na kwenye historia nilipata D ambayo mpaka leo naamini mwalimu alinihurumia. Lakini binti yangu alikuwa ametimiza siku themanini na moja duniani, hana pasipoti, hana ukaazi, hana chochote ila cheti cha kuzaliwa, na baba yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ananiambia nitulie, tumngoje Mfaransa.

Nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, mtu asije akadhani nilikuwa na wazimu. Mtoto wa mgeni akizaliwa hapa Dubai, wazazi wanapewa siku mia na ishirini wamkamilishie karatasi. Kwanza pasipoti ya nchi yenu, halafu viza ya ukaazi. Siku zikipita, mtoto anakuwa yupo nchini kinyume cha sheria, yeye ambaye hata shingo haijakaza vizuri. Mimi ni Mtanzania wa Tanga. Mume wangu ni Mtanzania wa Unguja, ila mama yake ni Mngazija, wale ambao wazee wao walihamia Unguja kutoka Ngazija. Ilikuwa tuchukue fomu, tusaini wawili, khalas. Fomu niliichukua mtoto akiwa na wiki mbili. Nikasaini. Baba akagoma.

"Ukimwandikisha Mtanzania umemfungia Ufaransa," alisema. "Tanzania haitaki uraia wa pili."

"Ufaransa ipi? Wewe umewahi hata kupanda ndege inayopita juu yake?"

"Ufaransa ya damu."

Damu yenyewe ni hii. Bibi yake, aliyemzaa mama yake, ilisemekana alikuwa binti wa Mfaransa, msimamizi wa shamba la mlangilangi kule Ngazija, enzi Wafaransa wanavitawala vile visiwa na kukamua maua kuwa mafuta ya manukato. Mtaani kwao Unguja walijulikana kama wajukuu wa Mfaransa. Mume wangu ana macho ya kahawia, na mama yake alikuwa akimgeuza uso kwenye mwanga ili wageni wayaone. Macho ya kahawia! Kwetu Tanga hata mbuzi wanayo.

Miaka yote hiyo yalikuwa maneno ya barazani, hayamdhuru mtu. Ila mimi nilipokuwa mjamzito, binamu yake aliyeko Marseille alikwenda kuchimba kwenye daftari za zamani za makoloni, akatuma picha kwa simu. Cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa kike, jina lilelile la bibi, mama jina lilelile la mama yake bibi, na baba ni yule Mfaransa, amemkubali mtoto kwa saini yake mwenyewe. Mume wangu alilia. Na mimi, mjinga, nililia naye.

Miezi miwili baadaye ikaja karatasi ya pili, hati ya kifo cha huyohuyo Mfaransa. Alikufa kwa homa palepale shambani, miaka minne baada ya kile cheti. Na chini pameandikwa kwamba hakuwa na mke na hakuacha mtoto.

Sasa hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Karatasi ya kwanza inasema ana binti. Ya pili inasema hana. Zote za serikali, zote zina mhuri, zote zimeandikwa wilaya moja. Binamu akasema faili haliwezi kwenda mbele mpaka hilo litatuliwe. Mume wangu akasema ni wazi, wakoloni waliwaficha watoto wao weusi, kwa hiyo itafutwe karatasi ya tatu ya kuwaumbua. Na karatasi ya tatu itachukua muda gani? Hajui. Mwezi, mwaka, inshallah.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa viza ya matembezi kunisaidia uzazi. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili mbele. Hiyo siku ya themanini na moja ndipo mume wangu alipotoa shauri lake, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria akaliona tamu. Mtoto atangulie Unguja na bibi yake kwa hati ya dharura ya safari, ile ya kwenda tu. Hiyo si pasipoti, haifungi kitu. Akae huko mpaka Ufaransa ijibu.

"Atanyonya nini?" nikamuuliza.

"Maziwa ya kopo yapo."

Nilikuwa nimemshika mtoto, la sivyo ningemrushia kitu. Nilimwangalia mama mkwe anisemee, maana yeye ni mwanamke, amezaa sita. Alikuwa anakunja nepi. Alizikunja zote, akazipanga, hakuinua macho. Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyomchukia yule Mfaransa.

"Haya," nikasema. "Nipe hizo karatasi mimi. Nikikuonyesha kwamba huyo mtu si babu yako, unasaini. Nikishindwa mpaka kufikia hiyo Jumamosi, mtoto aende."

Akacheka. "Wewe? Kifaransa umekijulia wapi?"

"Sikijui. Saini ndiyo naijua. Utasaini?"

"Nitasaini."

"Mbele ya mama yako."

"Mbele ya mama yangu."

Nilijua nimesema upumbavu. Nimemweka mtoto wangu rehani kwa jambo nisilolijua. Lakini kwa kutulia nilikuwa nampoteza vilevile.

Kazi yangu iko kule eneo huru la uwanja wa ndege, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Naoanisha karatasi. Ankara ya muuzaji, orodha ya maboksi na hati ya ndege lazima ziseme neno moja, zikipishana mzigo haupandi. Siku ya kwanza kazini nilikuwa na mdomo. Ankara ilisema maboksi arobaini ya vipuri vya Entebbe, orodha ikasema thelathini na nane, nikamwambia bosi muuzaji ni mwizi. Bosi wangu ni mzee wa Kerala, mpole, tunamwita sir. Aliniambia, "Karatasi mbili zikigombana usianze kutafuta mwongo. Tafuta tarehe. Uliza kila moja iliandikwa lini, na siku hiyo nini kilikuwa kweli." Kumbe maboksi mawili yalilowa maji yakaondolewa, baada ya ankara, kabla ya orodha. Hakuna aliyedanganya.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili. Mchana nakamua maziwa kwa mashine kwenye chumba cha makaratasi, nimekalia boksi la rimu za karatasi, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu kitasa chake hakifungi. Mlinzi wa jengo letu, dada wa Kikenya kutoka Nakuru, ndiye aliyekuwa ananitunzia chupa kwenye friji ya walinzi. Aliijua habari yote.

"Huyo Mfaransa wenu amekufa na bado ana kiburi hivi?" alikuwa akiniuliza kila nikipita. "Mwambie aje achukue mtoto mwenyewe basi. Aje na visa yake."

Ndani ya chumba hicho, mashine ikivuta, ndimo nilimofanyia kazi. Siku ya themanini na tatu nilizipanga karatasi mapajani kama ninavyopanga za mzigo. Cheti: binti yupo. Miaka minne mbele, hati ya kifo: hana mtoto. Nikajiuliza lile swali la sir. Siku mtu anaandika "hakuacha mtoto", nini kilikuwa kweli?

Jibu lilinijia mwilini kabla halijafika kichwani. Maziwa yalikatika. Mashine ikawa inavuta hewa tu. Niliona kitoto cha miaka mitatu, minne, kimefunikwa shuka. Kama binti alikufa kabla ya baba yake, karatasi zote mbili ni za kweli.

Lakini bibi hakufa mtoto. Bibi aliishi, akahamia Unguja, akazaa saba, akazeeka. Nilimkuta hai nilipochumbiwa, nikambusu mkono. Huyo basi alikuwa nani?

Jioni ile nilifungua faili la bluu la mume wangu, nikaikuta kadi ya kliniki ya bibi. Umri uliomo ulimfanya mdogo kwa miaka sita kuliko kile cheti cha Ngazija. Hiyo mume wangu aliiona zamani. "Wazee wanakadiria," alisema. Sawa, wanakadiria. Lakini mjomba wake wa mwisho ana umri wangu na miaka michache juu, na tarehe yake inajulikana, alizaliwa hospitali. Nikahesabu kwa vidole. Kwa cheti cha Ngazija, bibi alimzaa mjomba akiwa na miaka hamsini na tatu. Mimi nilikuwa bado nina nyuzi za kujifungua. Nilikuwa na ishirini na sita na nilidhani nakufa. Hamsini na tatu, mtoto wa saba, salama salimini, na hakuna jirani hata mmoja aliyelisimulia kama muujiza? Wanawake wa Unguja wanyamazie jambo kama hilo?

Kwa kadi ya kliniki alikuwa na arobaini na saba. Hapo sawa, inatokea. Ila kwa kadi hiyohiyo, bibi alizaliwa miaka miwili baada ya Mfaransa kufa.

Nilipomwonyesha mume wangu, hakutaka hata kuketi. "Hesabu za vidole hizo. Nataka karatasi."

Kwa hiyo nikampigia binamu mwenyewe. Picha ya cheti aliyotuma ilikuwa imekatwa pembeni, herufi za mwanzo wa mistari zimeliwa kidogo. Kazini mtu akinitumia hati iliyokatwa, siipokei.

"Nitumie ukurasa mzima," nikamwambia.

"Shemeji, pembeni hapana kitu. Pamechafuka."

"Nitumie uchafu wake."

Akasema yuko kazini, atatuma. Siku ya themanini na nane hajatuma. Ya tisini hajatuma. Mama mkwe ameshaanza kufunga sanduku, na nikachungulia nikaona, kati ya kanga zake, nguo tatu za mtoto zimekunjwa vizuri. Nilizitoa nikazirudisha kabatini. Kesho yake nilizikuta sandukuni tena. Ilikuwa hivyo siku mbili, mimi natoa, yeye anarudisha. Nikiwa kazini nilikuwa napiga simu kila saa niulize mtoto yuko wapi, kana kwamba amejifunza kutembea.

Nilimtumia binamu ujumbe wa sauti ambao siwezi kuuandika hapa. Siku ya tisini na moja, picha ikaja.

Pembeni mwa ukurasa, kwenye nafasi nyeupe, palikuwa na mstari mmoja wa penseli na msalaba mdogo. Simu yangu haikuweza kuutafsiri mwandiko ule. Pale ofisini anasafisha dada wa Kameruni anayejua Kifaransa. Nilimsubiri atoke na ndoo, nikamwonyesha. Aliikuza picha, akaisoma kwa midomo tu, kisha akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga kwamba huyu mtoto alifariki, na hapa pana mwezi na mwaka. Akaniuliza, "Ni ndugu yako?"

Nikahesabu. Miezi mitano kabla ya kifo cha baba yake.

Nilikuwa nimeshinda. Nilitakiwa nifurahi, si ndiyo? Nilikwenda nikakaa kwenye boksi la rimu. Maana mume wangu bado angesema penseli ni penseli, kila mtu anaweza kuandika kwa penseli. Nilikuwa na karatasi tatu zinazopatana, lakini hati zikishapatana sir huwa anasema jambo moja zaidi: sasa nenda kauone mzigo wenyewe. Na mzigo ulikuwa kwangu, unakunja nguo za mtoto.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Mume wangu alikwenda zake Deira, kwenye gati la khori, ule mkono wa bahari, anakohesabu magunia na majokofu yanayopakiwa kwenda Afrika. Mama mkwe alikuwa jikoni anamwogesha mtoto kwenye beseni, amekiweka kichwa chake kwenye kiganja, mkono wa pili unateka maji. Anaogesha vizuri, sitamnyima haki yake. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni.

"Mama, yule mtoto wa kwanza alikufa na nini?"

Mkono wake ulisimama hewani, maji yanadondoka.

"Mtoto gani?"

"Mwenye karatasi."

Mtoto alirusha mguu, akatulowesha wote wawili. Mama mkwe akaanza tena kumwagia maji, polepole, tumboni.

"Degedege," akasema. "Alikufa na degedege. Mama yangu alizaliwa mwaka wa tatu baada ya kaburi. Wakampa jina lilelile, ndivyo ilivyokuwa desturi kwao, jina lisipotee."

"Na baba yake?"

"Mngazija. Alikuwa anachochea moto chini ya mapipa ya kukamulia yale maua. Mweusi, mama akisema, kama hayo mapipa yenyewe."

"Na karatasi?"

Aliniangalia kama anayeshangaa naulizaje. "Mwanangu, kwa zama zile mwenye karatasi ya Mzungu hachukuliwi kazi ya lazima shambani. Wenziwe wanaamshwa kwa viboko, yeye anasoma. Mtoto anazikwa, karatasi haizikwi. Nani angeitupa? Wewe ungeitupa?"

Nisingeitupa.

Lakini hasira yangu ilikuwa haijafika mwisho. "Ulijua. Miezi yote hii mwanao ananing'iniza mimi na mtoto kwa ajili ya maiti, na wewe unakaa pale unajua. Unafunga nguo za mwanangu sandukuni na unajua!"

"Usinipandishie sauti. Mimi si mwenzio."

"Leo mwenzangu. Beseni moja tumelishika."

Alimtoa mtoto majini, akamfunga taulo, akamkumbatia. "Mimi nimeolewa kwa hilo," akasema. "Wakwe zangu walikuja kwetu kwa ajili ya mjukuu wa Mfaransa. Wanangu wamekua kwa hilo. Ukinivua nabaki nani? Mjukuu wa mchochea moto."

"Mimi mjukuu wa mkata mkonge, Mama. Nimebaki, unaniona."

"Wewe hukupewa kitu kingine kabla," akasema.

Hilo lilinichoma, na nadhani alikusudia linichome. Nikamchukua mtoto wangu, nikamwambia atamwambia mwanawe leo, la sivyo nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno.

Mume wangu alirudi alasiri, na vumbi la saruji kwenye nywele. Nilikuwa nimetandika mkeka na kuzipanga karatasi kwa tarehe. Cheti, ukurasa mzima na penseli yake. Hati ya kifo. Kadi ya kliniki. Nilimweleza. Sikupamba. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akasema nilichojua atasema.

"Penseli."

"Muulize mama yako."

"Unamwingiza mama yangu kwa sababu umeshindwa."

"Muulize!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ushungi ameushika chini ya kidevu. Akasema, "Ni kweli, baba," maneno mawili matatu hayo tu, na akaketi palepale kizingitini kana kwamba amekatwa miguu.

Sijui nilitarajia nini. Hakupiga kelele. Alichukua simu akampigia binamu, akaiweka sauti nje. "Ule ukingo uliukata kwa nini?"

"Kaka, nilikwambia, palichafuka..."

"Uliusoma?"

Binamu akasema, "Wewe ulikuwa unaitaka sana."

Mume wangu akakata simu. Akaniangalia, na macho yake hayo ya kahawia. "Umefurahi?"

"Ndiyo. Chukua kalamu."

Leo natamani ningesema vingine. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kusema vingine, zilikuwa zimebaki siku ishirini na nane. Alisimama, akavaa viatu, akatoka. Fomu ikabaki kwenye mkeka na kalamu juu yake.

Siku mbili hakusema na mimi. Alikwenda kazini, alirudi, alikula, alimbeba mtoto, alinirudishia mtoto. Fomu niliigandisha kwa sumaku mlangoni mwa friji, ili kila akitaka maji aione. Akafungua friji, akanywa maji, akafunga. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari ya mama yake, nilikuwa nimechoka mpaka nikaanza kupiga hesabu nyingine kichwani: nani angenificha mimi na mtoto, kule mtaa wa Muhaisnah kwa yule dada mlinzi na wenzake wanane chumba kimoja, au wapi. Nilishaandaa mfuko.

Alitoka msikitini, akaketi mbele ya mama yake. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nimewapa mgongo, nimegandamana na ukuta.

"Yule mchochea moto," akamuuliza, "jina lake nani?"

Mama yake alifikiri. Nilisikia anavyofikiri, pumzi inaenda na kukwama. "Mama alilitaja," akasema. "Alilitaja mara moja au mbili. Sikulishika, baba. Tulikuwa hatumsemi."

"Baba yake? Kijiji?"

"Sijui."

"Hakuna mahali ameandikwa?"

"Nani angemwandika?"

Nikageuka. Mume wangu alikuwa anamtazama mtoto, si mimi, mtoto, aliyekuwa ameacha titi na kulala mdomo wazi, tone la maziwa shavuni. Kisha akainuka akaenda kwenye friji. Nilisikia sumaku inadondoka. Aliandika akiwa amesimama, fomu ameibandika kwenye mlango wa friji, na kwa kuwa wino ulikuwa haushuki vizuri kalamu ikilala namna ile, alirudia saini yake mara mbili juu ya ileile, akikandamiza.

Sikumshukuru. Niliichukua kabla wino haujakauka, nikaipuliza, nikaiweka ndani ya nguo yangu kifuani.

Mama mkwe aliondoka Jumamosi na sanduku lake. Uwanjani alimbusu mtoto nyayo zote mbili. Mimi alinipa mkono, nikaubusu, na hatukuombana radhi, si yeye wala mimi. Mpaka leo tunasalimiana kwa simu kama watu wa ofisi mbili.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya ubalozi mdogo. Karani alipitia fomu, akaziangalia zile saini mbili zilizopandana, akauliza kwa nini baba amesaini mara mbili. Nikamwambia kalamu ilikuwa mbovu. Akaniangalia, akagonga mhuri.

Kisha nikaanza kungoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko kote. Mia na tatu. Mia na saba. Nilipiga simu mpaka sauti yangu ikajulikana. "Mama Tanga, bado." Siku ya mia na kumi na moja kitabu cha pasipoti kikatoka. Nilikisoma barazani, kila herufi, kila tarakimu, nikakilinganisha na cheti cha kuzaliwa neno kwa neno, watu wananipita. Kilikuwa sawa. Nikatoka mbio kwenye duka la kujaza fomu za viza, na kijana wa pale akaniambia, "Madam, yalla, kaa kwanza upumue."

Ukaazi ulitoka siku ya mia na kumi na saba. Ujumbe uliingia nikiwa kazini, katikati ya hati za shehena ya dawa. Niliusoma mara nne. Nikamtumia mume wangu neno moja, "Imetoka," na yeye akajibu kwa picha ya gati lililojaa magunia, bila maneno. Ndivyo alivyo akishindwa kusema.

Nilipofika nyumbani alikuwa amefika kabla yangu, ameshamchukua mtoto kwa jirani tuliyekuwa tunamwachia tangu bibi yake aondoke. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani na anamsemesha, hakunisikia nikiingia. Alikuwa anamwambia kwamba babu yake alikuwa anawasha moto, asubuhi na mapema kabla hawajaamka wengine, chini ya pipa kubwa, na kuni zilikuwa mbichi, moshi tupu. Hayo ya kuni mbichi hakuambiwa na mtu. Nilitaka kumsahihisha. Nikavua viatu, nikaingia kuoga.